Kitale hutembelewa alfajiri, si adhuhuri

Mhariri,

Makala yenu ya wikendi iliipa Kitale, mji wetu wa magharibi mwa Kenya, aya mbili tu: fika saa 4, ingia pango la Kitum, kula kuku, rudi Eldoret kabla ya giza. Atakayeifuata ratiba hiyo atafika kwenye lango la Mlima Elgon mawingu yakiteremka, na atakuwa amelipia siku nzima. Atarudi kwao akisema mlima wenyewe hauonekani. Unaonekana sana, ila una saa zake. Kuanzia mapambazuko hadi kama saa 4 huwa wazi kabisa, ukitofautisha msitu na majabali ya juu kwa macho matupu. Jua likishapasha moto mashamba ya Trans Nzoia, hewa yenye unyevu hupanda miteremko, ikapoa, na kufikia saa 6 vilele vimevaa kofia ya wingu. Saa 9 alasiri, katika miezi ya mvua, ni radi. Malalamiko mengi ya wageni wa huku yanatokana na kufika mahali panapofaa saa isiyofaa, kwa hiyo niruhusu niwape wasomaji wako saa. Majina ya mahali mmekwisha kuyataja.

Siku ya kwanza mgeni asiende mlimani. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Elgon magharibi yake na milima ya Cherangani mashariki. Atokaye Mombasa atahema kidogo akipanda ngazi za hoteli, na usiku atatafuta blanketi ya pili. Usiku huo mmoja wa kuzoea hewa unamsaidia kuliko dawa yoyote ya kichwa atakayobeba. Alasiri ya kufika aitumie katika Jumba la Makumbusho, maana hapo mvua ikinyesha haimharibii kitu.

Jumba hilo liko pembezoni mwa mji, mwendo wa miguu tu. Lilianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyekuwa na uchu wa wadudu, vipepeo na ndege, na mwaka 1974 likafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. (Mwaka huohuo wa 1926 ndio reli ilipofika Kitale, mji huu ulikua juu ya magunia ya mahindi.) Wengi hupita vyumba vya ndani kwa dakika 20, wakawatazama mamba na kobe uani, wakatoka. Wanaacha kilicho bora. Nyuma ya nyumba za kienyeji zilizojengwa uani kuna njia inayoteremka kwenye kipande cha msitu wa asili wa kando ya mto, kivuli kizito, na kelele za barabarani zinapotea ghafla. Kabla ya kushuka, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. Siafu wa msitu ule hawapigi hodi, na ukiwagundua wamefika magotini umechelewa. Mvua ikiwa imenyesha, mizizi iliyokatiza njia huteleza kama sabuni. Pita juu yake bila kuikanyaga.

Jirani ya makumbusho kuna kituo cha kilimo mseto cha miti kilichopewa jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Uswidi aliyeuawa mwaka 1986. Mkulima atatoka humo na la kumfaa shambani kuliko mtalii, lakini ni bure kuuliza.

Kuhusu kuku: makala yenu ilisema ‘kula kuku’ kana kwamba kuku ni kuku. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa huchemshwa saa moja na nusu, pengine mbili, kabla hajakaangwa na kurudishwa kwenye mchuzi wake. Ukiagiza na sahani ikakufikia baada ya dakika 15, aidha amepikwa tangu jana au si wa kienyeji. Dawa yake ni kuagiza asubuhi unapotoka, ukataja saa ya kurudi, ukaacha arubuni. Agiza na ugali wa wimbi badala ya ule mweupe, na mrenda au sucha. Mrenda wa huku hulainishwa kwa chumvi ya majivu, ndiyo maana unateleza vile na una ladha ambayo magadi hayaitoi vizuri. Mursik nayo utaikuta: maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, yenye vijivu vya rangi ya samawati juu. Asiyeizoea aanze na nusu gilasi, tena jioni. Si asubuhi ya kuingia garini kwa muda wa saa tatu nzima.

Siku ya pili ni ya Saiwa, na hapa ndipo saa inapokuwa kila kitu. Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, ambaye wengi wanamjua kwa jina la sitatunga. Husemwa ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Hakuna gari linaloingia. Unaizunguka yote kwa miguu asubuhi moja. Nzohe ni jamaa wa pongo, ila kwato zake ni ndefu na hupanuka akikanyaga, hivyo hazami kwenye matope na mafunjo, na manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji. Akishtuka hakimbii nchi kavu. Huingia majini akabaki pua tu juu. Hula karibu na ukingo wa matete alfajiri na tena jioni. Kufikia saa 3 asubuhi amerudi katikati ya mafunjo, na utakachoona ni mafunjo.

Kutoka Kitale unashika barabara ya Kapenguria, unashuka njia panda ya Kipsaina baada ya kama kilomita 20, kisha bodaboda kilomita 5 hivi hadi langoni. Tatizo ni kwamba matatu huondoka ikijaa, na saa 11 alfajiri haijai. Panga na mwenye teksi au bodaboda jioni iliyotangulia, mkubaliane bei ya kwenda na kungoja, au piga kambi kwenye uwanja ulio karibu na lango. Anayengoja matatu ya saa 1 amekwisha kumkosa nzohe wa asubuhi, heri alale hadi mchana aende saa 10.

Ndani kuna vijia vya mbao juu ya kinamasi na minara ya kutazamia. Mbao zikilowa umande huteleza, na baadhi huoza katikati kabla ya kuoza pembeni. Kanyaga palipo na mstari wa misumari, kwani chini yake pana boriti. Panda mnara kabla jua halijachomoza, keti, nyamaza. Nguo nyeupe iache hotelini; kijani iliyopauka au kahawia inafaa. Simu iwe kimya kabisa, si ya kutetema, kwa kuwa mbao za mnara huikuza sauti ya mtetemo hadi ikasikika ng’ambo. Kisha usimtafute mnyama mzima. Tafuta sikio. Nzohe aliyesimama ndani ya matete ana mistari na madoa meupe yanayofanana na mwanga unaopenya, jicho linampita mara kumi, lakini sikio lazima alitikise kufukuza mbu. Au tazama maji yanayochezacheza mahali pasipo na upepo. Mpe dakika 40 kabla hujakata tamaa. Wageni wengi huamka na kuondoka kwenye dakika ya kumi, na kule kuamka ndiko kunakomrudisha mnyama majini. Darubini ya kawaida ya kukuza mara 8 inatosha. Ile kubwa zaidi hutikisika mkononi, na mnara wenyewe unatikisika.

Njiani kurudi, inua kichwa. Kwenye miti ya kando ya maji anaishi kima wa De Brazza, mwenye utepe wa rangi ya machungwa kwenye paji la uso na ndevu nyeupe zilizowafanya wenyeji wamwite kalasinga. Ni mtulivu, hapigi kelele kama ngedere, na akikuona huganda kama kisiki. Ukisubiri naye ataendelea kula. Wapenda ndege watamtazama korongo mwenye taji la dhahabu akitembea katika majani yenye unyevu, na turako wa Ross, ambaye akiwa ametua ni wa zambarau iliyokolea, akiruka mabawa yanafunguka mekundu.

Kwa kuwa tayari uko barabara ya Kapenguria, usirudi Kitale mchana huo. Panda matatu hadi Makutano, kisha bodaboda hadi makumbusho ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993 katika gereza walimozuiliwa wapigania uhuru Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung’u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng’ Oneko. Kesi yao ilianza Desemba 1952 na hukumu ikatolewa Aprili 1953. Vyumba vyao vipo, vidogo, na saa moja inatosha. Mawakili wao walilala Kitale wakisafiri barabara hiyohiyo kila siku ya kesi. Hukumbuki hilo ukiwa kwenye lami ya leo hadi ukiifikiria ilivyokuwa matope.

Siku ya tatu ndiyo ya mlima. Lango la Chorlim hufikiwa kupitia Endebess, na hapo pia uwe umefika mlango ukifunguliwa, saa 12 au nusu saa baadaye. Lipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa bado Kitale penye mtandao wa nguvu, wala usingoje kufika langoni. Watu hukosea hapa kwa namna tatu. Wanachagua hifadhi isiyo yao, maana Saiwa na Elgon hulipiwa mbalimbali hata kama unazitembelea siku mbili zinazofuatana. Wanalipia watu na kusahau gari, au kambi, au askari wa kuwasindikiza, ambaye ana ada yake ya nusu siku au siku nzima. Na wanajiandikisha kwa bei ya raia kisha wanaacha vitambulisho hotelini. Askari wa lango akidai kitambulisho, bishano halikusaidii.

Asiye na gari asidhani mlima umemfungia. Hapa inaruhusiwa kutembea ukiwa na askari mwenye bunduki, na kwenda mapangoni kwa miguu kupitia msitu wa podo, mtarakwa na tiki ya Elgon ni bora kuliko kupitia dirishani. Askari si pambo. Nyati wa humo hukaa kimya kichakani mpaka umewakaribia mno. Tembea nyuma yake, si mbele, na usizungumze kwenye kona. Mwenye gari dogo atafika mapangoni wakati wa kiangazi. Udongo ukilowa, ule wekundu hugeuka mafuta, na gari linaloteremka hupotelea mtaroni dereva akikanyaga breki. Shuka kwa gia ya kwanza, breki iguse tu, na kama mvua imeanza ukiwa juu, ngoja isimame dakika 30 maji yateremke.

Sasa Kitum. Pango hili linaingia karibu mita 200 ndani ya mlima, na kilicholifanya lijulikane duniani ni ndovu. Mlima Elgon hupata mvua nyingi, na mvua imeosha chumvi kutoka udongoni, hivyo majani ya msitu hayana chumvi ya kutosha. Iliyobaki imo ndani ya mwamba. Ndovu huingia usiku, mmoja nyuma ya mwingine, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza ambalo hata wao hawaoni kitu, wakavunja vipande vya ukuta kwa pembe na kuvisaga kwa magego. Nyati na pongo huja kuramba makombo. Kwa hiyo anayekwenda mchana akitarajia ndovu atakuta mavi yao na alama zao, basi. Lakini zitazame hizo alama. Mulika tochi kwa ubavu, usimulike moja kwa moja: shikilia tochi karibu na ukuta, mwanga ulale juu ya mwamba, na mikwaruzo ya pembe itatokea yenyewe, mirefu, sambamba, mingine mipya yenye unga mweupe pembeni, mingine ya zamani iliyokuwa laini kwa kusuguliwa na ngozi. Ukimulika usoni mwa ukuta huoni kitu, na ndiyo sababu wengi wanatoka wakisema ni pango tu. Kwenye kuta hizohizo pia kuna vipande vya miti iliyogeuka jiwe, iliyofukiwa na majivu ya volkano mlima ulipokuwa ukitapika.

Makala yenu haikusema neno kuhusu popo, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu waliokuwa wamezuru pango hili waliugua homa ya Marburg, inayoletwa na virusi, wakafa. Popo wa matunda wanaokaa mapangoni hubeba virusi hivyo bila wao wenyewe kuugua. Watu wengi sana wameingia Kitum wakatoka salama, na sisemi lifungwe. Nasema liingiwe kwa adabu. Vaa gambuti, suruali ndefu, glavu za mpira na barakoa. Usiguse ukuta kwa mkono mtupu, usikae chini, usile wala kunywa ndani, na ukiwa na kidonda mkononi baki nje. Ishia pale mwanga wa mlangoni unapoishia. Alama za pembe utazikuta kabla ya hapo, na kule ndani ni kwa popo. Kule ndani pia kuna ufa mrefu ambamo ndovu wadogo wamewahi kutumbukia wasitoke tena, kwa hiyo kurudi nyuma-nyuma ukipiga picha ni mchezo mbaya. Ukitoka, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, zitie ndani ya mfuko na uufunge, nawa kwa sabuni ndipo uguse chakula. Watoto wadogo, ambao hugusa kila kitu kisha wakajilamba vidole, wawaone ndovu mahali pengine.

Na jambo la mwisho kuhusu pango, la kukatwa na kubandikwa kwenye jokofu. Virusi hivyo huchukua kati ya siku 2 na 21 kabla ya kujionyesha, na mwanzo wake ni homa kali, kichwa na maumivu ya mwili, yaani malaria kwa kila mtu wa huku. Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya kuingia pangoni, mwambie daktari kabla hajakugusa: niliingia pango lenye popo, tarehe fulani. Asipojua hilo atakutibu malaria, na yeye mwenyewe atakuwa hatarini.

Makingeny, pango la jirani, lina mdomo mpana zaidi na maji yanayoanguka mbele yake kama pazia. Wakati wa kiangazi pazia hilo hubaki matone, basi ukija Februari usimlaumu mtu. Wasabaoti waliishi na mifugo yao katika mapango ya mlima huu. Msafiri Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 aliwakuta watu humo. Jina Elgon lenyewe hunasibishwa na Wakony, walio miongoni mwa Wasabaoti, ingawa Mbukusu atakwambia mlima ni Masaba na hana la kuongeza.

Kwenye jabali la Endebess kanuni yangu ya alfajiri inavunjika. Jabali hilo linatazama mashariki, juu ya mashamba ya Trans Nzoia hadi Cherangani, na asubuhi jua linakupiga machoni na ukungu umefunika bonde. Pitia hapo unapotoka, saa 9 au 10, mvua ikiwa imekwisha kusafisha vumbi na jua likiwa mgongoni mwako. Lakini uwe chini ya lango kabla halijafungwa.

Wenye siku mbili zaidi waende Koitobos. Na hapa niwasahihishe wanaodhani vinginevyo: Koitobos, mita 4,222, si kilele cha juu kabisa cha Elgon. Kilele cha juu ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda. Kukifikia kwa kuvuka mpaka juu kwa juu kunahitaji kibali cha pande zote mbili, na askari wa upande huu hatakuvusha kwa kubembelezwa. Kutoka Kitale hadi Koitobos unapanda mita 2,300 na ushei. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo Kitale kukiwa na nyuzi 25, kileleni ni kama 10, kabla hujahesabu upepo, na usiku maji ya chupa huganda. Gari la kuvuta magurudumu yote hupanda hadi karibu mita 3,500. Lala hapo, usijaribu kupanda na kushuka siku moja kutoka mjini. Mwili unaopelekwa juu kiasi hicho kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana huumwa kichwa, hutapika, na ukilazimishwa huanza kuyumba. Kichwa kikiuma, pumzika na unywe maji. Ukitapika au kuyumba, teremka, hata kama kilele unakiona pale mbele. Hakuna kidonge kinachofanya kazi kama mita 500 za kuteremka.

Beba lita 3 za maji kwa kila mtu kwa siku ya kilele, tochi ya kichwani na betri za akiba zilizowekwa karibu na mwili (baridi huziua), koti la mvua la kweli, na soksi mbili za sufu. Jeans iliyolowa haikauki huko juu na inakunyonya joto. Ondoka kambini saa 11 alfajiri, ufike kileleni kabla ya saa 4, uwe unashuka wingu linapopanda. Wingu hilo likikukuta kwenye nyasi ndefu za juu, njia inapotea hatua kumi mbele yako. Simama na askari wako, msigawanyike kutafuta njia.

Utapita mianzi, kisha utaingia kwenye lobelia na senesio, mimea minene yenye urefu wa mtu au zaidi. Senesio huvaa majani yake makavu shinani kama koti, na ni koti kweli: huzuia baridi ya usiku isigandishe shina. Wapo wanaoyang’oa kuwashia moto wa chai. Mmea uliovuliwa koti hufa kwa jalidi, nao ulichukua miaka mingi kufika kimo hicho. Beba jiko la gesi.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Machi inategemea. Aprili na Mei mlima ni wa konokono. Juni hadi Septemba asubuhi bado ni nzuri, hasa kwa Saiwa, na kuanzia Agosti mahindi mabichi huchomwa kila njia panda. Chagua lenye ganda bado la kijani na nywele zilizokauka, ukibonyeza punje kwa ukucha litoe maziwa. Likitoa maji halijakomaa, lisipotoa kitu utatafuna hadi Webuye.

Oktoba na Novemba ni mavuno. Dereva awe macho barabara ya Endebess, kwa sababu mahindi huanikwa kwenye maturubali hadi ukingoni mwa lami, na wenye bodaboda huyakwepa kwa kuingia upande wako bila kutazama nyuma. Punguza mwendo ukiona njano mbele, na usiyakanyage hata kama njia inaonekana nyembamba. Punje iliyopasuka chini ya tairi huozesha gunia zima, na mwenye mahindi kwa kawaida ameketi kivulini palepale na fimbo ya kufukuzia kuku.

Mwongoza wageni,
Kitale, Trans Nzoia